Nimeambiwa nina 11: masuali yenu kuhusu watafiti wa afya ya akili

Barua za mwezi huu zimegongana mahali pamoja: vijana wenye vishikwambi wanaopita mitaani, vijijini na maskulini kuuliza watu wanavyolala, wanavyokula na wanavyojisikia moyoni. Baadhi yenu wamewaogopa, baadhi wamewadharau, na mmoja anataka kuwa miongoni mwao. Tumechagua barua sita.

Assalaam alaykum. Mimi ni mkulima wa mwani, Jambiani. Ramadhani ilipokuwa inakaribia kwisha alikuja binti mmoja akaniuliza masuali tisa, akawa anabonyeza kishikwambi, mwisho akasema, "Bibi, wewe una 11," akaenda zake. Mume wangu anasema maana yake nina maradhi ya akili. Ni kweli?

Wa alaykum salaam, Bibi. Si kweli, na kosa ni la aliyekuachia namba bila ya maelezo yake.

Masuali tisa hayo karibu hapana shaka ni dodoso liitwalo PHQ-9, lililotolewa na wataalamu wa Marekani Kroenke, Spitzer na Williams mwaka 2001. Linauliza wiki mbili zilizopita tu. Kila suali lina majibu manne: hapana kabisa (0), siku kadhaa (1), zaidi ya nusu ya siku (2), takriban kila siku (3). Jumla basi haipungui 0 wala haizidi 27. Kuanzia 5 huhesabiwa dalili nyepesi za sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito, 10 za wastani, 15 nzito kiasi, 20 nzito. Kwa hivyo 11 imevuka mstari wa 10 ambao watafiti wengi huutumia, na hapo ndipo binti alipoishia.

Lakini tazama masuali yenyewe. Manne kati ya tisa ni ya mwili: usingizi, uchovu, kula, na mwili kuwa mzito au kutotulia. Mtu anayeamka daku, akafunga, na maji yakitoka akashuka pwani kufunga mwani kwenye kamba akiwa ameinama, akiulizwa mwisho wa Ramadhani atasema usingizi umevurugika takriban kila siku (3), kula kumebadilika takriban kila siku (3), amechoka zaidi ya nusu ya siku (2). Hizo ni 8, na hajagusa huzuni hata kidogo. Akiongeza mawazo ya ada za watoto na kushindwa kutuliza akili, 11 imefika. Kanuni ya kutambua sonona kwa dodoso hilo haitazami jumla peke yake. Inataka dalili zisizopungua tano zitokee zaidi ya nusu ya siku, na moja yao lazima iwe katika mbili za mwanzo: kukosa hamu ya mambo, au kuvunjika moyo. Mtafiti mwangalifu ama huepuka Ramadhani, ama huandika tarehe na kulizingatia hilo katika hesabu.

Kuna jambo jingine ambalo hata waandishi wa ripoti hulisahau. Katika utafiti wa mwanzo, mstari wa 10 uliwanasa wagonjwa 88 katika kila 100 wenye sonona kali, na ukawaacha huru 88 katika kila 100 wasiokuwa nayo. Inasikika vizuri sana. Sasa chukua mfano wa watu 1,000, na tuseme 100 kati yao wana sonona kweli. Dodoso litawanasa 88. Kwa wale 900 wazima, litawasingizia 108. Jumla ya "walionaswa" ni 196, na zaidi ya nusu yao hawana sonona. Ndiyo maana dodoso ni chujio. Kinachobaki juu ya chujio hupelekwa kwa mtaalamu akae na mtu, amuulize maisha yake, ndipo aseme neno.

Ramadhani imekwisha sasa. Ikiwa usingizi umerudi na moyo umetulia, basi. Ikiwa wiki mbili baada ya Idi bado huoni utamu wa vitu ulivyokuwa ukivipenda na kazi za nyumbani zinakushinda, nenda kituo cha afya, useme hivyo hivyo. Hapana haja ya kuitaja 11.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, natoka Chake Chake. Nimechukua dodoso la Kiingereza nikalipitisha katika programu ya kutafsiri kwenye simu, nikapata Kiswahili kizuri tu. Msimamizi wangu amelikataa. Nimekosea wapi?

Umekosea kwa kudhani Kiswahili kizuri ndicho kinachotafutwa. Kinachotafutwa ni suali ambalo bibi wa Micheweni na kijana wa Mkoani watalielewa kwa namna moja, na maana hiyo iwe ile ile iliyokusudiwa na dodoso la asili. Sentensi inaweza kuwa fasaha na bado ikapima kitu kingine kabisa.

Chukua neno *nguvu*. "Umekosa nguvu katika wiki mbili zilizopita?" Mwanamke atakujibu juu ya uchovu. Mwanamume wa miaka 45 akiulizwa na msichana wa chuo, kitakachomjia kichwani ni nguvu za kiume. Atakwambia hapana, na haraka. *Hamu* nayo hivyo hivyo: kwa mmoja ni hamu ya kula, kwa mwingine ni ya chumbani, ilhali wewe ulikusudia kuvutiwa na mambo. *Raha* ndiyo mbaya zaidi. "Huna raha?" kwa mtu mwenye dhiki ni suali la umaskini, atakujibu juu ya bei ya mchele. Ukiongeza mifano ndani ya suali mambo hunyooka: "kutovutiwa na vitu ulivyokuwa ukivipenda, mfano kwenda harusini, kucheza bao, kuzungumza na wenzako."

Sasa hatua, kama zinavyofanywa na walioizoea kazi hii.

Kwanza angalia kama tafsiri ipo. PHQ-9 ya Kiswahili ilikwishapimwa Eldoret, Kenya, kwa watu wanaoishi na VVU, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Kuanza upya wakati kazi ipo ni kupoteza muda, ingawa Kiswahili cha Eldoret si cha Pemba na bado utalazimika kukijaribu.

Ikiwa haipo, watu wawili watafsiri kila mmoja peke yake, bila ya kuoneana. Mmoja awe anaijua saikolojia, mwingine asiijue hata chembe. Huyu wa pili ndiye anayekuokoa na maneno ya darasani. Wakae wakutanishe tafsiri zao. Mtu wa tatu, ambaye hajaliona dodoso la asili, alirudishe katika Kiingereza. Ukilinganisha Kiingereza hicho na kile cha mwanzo, mapengo yataonekana. Usishangilie mapema lakini: tafsiri ya neno kwa neno hurudi vizuri sana, kwa sababu mrudishaji anaijua lugha ya pili na anabahatisha lilipotoka. Hatua hii hukamata makosa ya wazi. Yale ya *raha* na *nguvu* huipita bila ya kuonekana.

Yanayokamata hayo ni mahojiano ya kuchunguza uelewa, na hapa ndipo wanafunzi wengi hukata njia. Tafuta watu 8 hadi 15 wa aina utakayowahoji: wavuvi, wachuma karafuu, mama wa nyumbani, waliosoma na wasiosoma. Msomee mtu suali moja, ajibu, kisha umuulize: "Umelielewaje? Lirudie kwa maneno yako. Umefikaje kwenye jibu hilo?" Andika maneno yake kama yalivyotoka, usiyatengeneze. Wawili watatu wakiteleza mahali pamoja, suali ndilo bovu, wao hawana kosa. Lirekebishe, ujaribu tena kwa watu wapya.

Majibu manne ya PHQ-9 nayo ni tatizo. "Siku kadhaa" na "zaidi ya nusu ya siku" haviingii kichwani kirahisi, na wengine husikia "nusu ya siku" wakadhani unaulizia asubuhi hadi adhuhuri. Dawa yake ni kete za bao. Mpe mtu kete 14, moja kwa kila siku ya wiki mbili, umwambie atenge zile za siku alizokuwa na hali hiyo. Kete 0 au 1 ni alama 0. 2 hadi 6 ni alama 1. 7 hadi 11 ni alama 2. 12 hadi 14 ni alama 3. Mipaka hiyo ya siku imekwishatumika katika uchunguzi mkubwa wa afya Marekani, kwa hivyo hutakuwa umeizua wewe. Mtu akishika kitu mkononi huhesabu kweli; akiachwa na maneno matupu hukupa jibu la adabu.

Mwisho ndio takwimu. Alfa ya Cronbach ya 0.70 na zaidi inakubalika, inaonesha masuali yanakwenda pamoja. Ikipita 0.95 jiulize kama huulizi jambo moja mara tisa. Warudie watu kadhaa baada ya wiki moja au mbili uone kama majibu yamekaa. Na elewa kwamba alfa nzuri haisemi suali linapima nini: masuali tisa ya umaskini yatakupa alfa nzuri vile vile.

Walikuja nyumbani kwetu Nungwi mara tatu kumtafuta kaka yangu, naye yuko baharini. Mimi nipo barazani muda wote, hawakunitaka. Halafu nasikia watu mia nne tu ndio watakaosema kwa niaba yetu sote. Utafiti gani huo?

Utafiti mzuri, kwa hilo la kwanza. Wakichukua anayepatikana barazani, kila nyumba watampata mtu wa aina moja: asiye na kazi, mgonjwa, mzee, au mwenye likizo. Hali ya nafsi ya hao haifanani na ya aliyeko baharini. Ndiyo maana wadadisi huandika watu wazima wote wa nyumba na kumteua mmoja kwa jedwali maalumu, lililobuniwa na mtaalamu wa takwimu Leslie Kish mwaka 1949. Akishateuliwa, habadilishwi. Huenda ikawa waliokuja kwenu wamekosea kalenda tu: vijiji vya pwani havitembelewi kwa saa za ofisi. Wakati wa bamvua wakulima wa mwani wako majini, na wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza wakalala mchana. Anayepanga ratiba bila ya kumuuliza mwenyeji habari za maji atarudi mara tatu, na mafuta ya gari ni yake.

Ama watu mia nne: kwa bahati nasibu halisi, watu 384 wanatosha kukisia kiwango cha jambo kwa kupishana asilimia 5 juu au chini, hata kama wakaazi wa Zanzibar ni 1,889,773 kama ilivyokuwa Sensa ya 2022. Lakini watafiti hawaokoti mtu mmoja mmoja Unguja na Pemba nzima. Huchagua shehia, yaani mitaa na vijiji, kisha watu, tuseme 20, ndani ya kila shehia, na majirani hufanana. Kufanana huko kukiwa 0.05 (0 ni kutofanana, 1 ni kuwa sawa kabisa), idadi huzidishwa kwa 1 + (19 × 0.05), 19 ikiwa ni wale watu 20 kasoro mmoja, yaani 1.95, na 384 inakuwa 749. Anayekwenda shehia kwa shehia akaishia mia nne amepunguza gharama, na jibu lake litakuwa na ukungu.

Afya ya akili naielewa. "Ustawi" unapimwaje? — Michenzani

Njia fupi zaidi ni WHO-5 ya Shirika la Afya Duniani: kauli tano njema (umechangamka, umetulia, umejisikia na nguvu, umeamka umepumzika, siku zako zimejaa mambo yanayokuvutia), kila moja 0 hadi 5 kwa wiki mbili zilizopita. Jumlisha, zidisha kwa 4, upate kati ya 0 na 100. Ikiwa 50 au chini yake, ustawi ni mdogo; 28 au chini, pima sonona. Uzuri wake ni kwamba hauna suali la kutisha, unaweza kuulizwa hata mbele ya mkwe.

Naandika kutoka Wete. Watoto wetu wanapopotewa na akili, tunakwenda kwanza kwa shekhe wa kisomo, kisha hospitali. Hawa watafiti hawaulizi habari za majini hata mara moja. Wanaona haya, au wanatudharau?

Mzee wetu, wako wanaodharau, na data zao huonekana. Asiyeuliza juu ya kisomo atapata hadithi inayoanzia hospitali, na miezi yote ya kabla ya hapo itakuwa imefutika, pamoja na fedha zilizotumika na aliyeamua.

Anayeifanya vizuri huandika safari ya matibabu hatua kwa hatua: nani wa kwanza kuona tofauti, aliiitaje, mlikwenda wapi kwanza, baada ya siku ngapi, nani alisema muende, mlitoa kiasi gani, mliacha kwa nini. Mwanaanthropolojia na daktari wa akili Arthur Kleinman aliacha masuali machache ambayo bado yanatumika: tatizo lako unaliitaje? Unadhani limetokana na nini? Kwa nini lilianza wakati ule? Unaogopa nini zaidi? Hakuna hata moja linalomsahihisha mtu. Mdadisi akisikia "jini" huandika jini. Hageuzi kuwa skizofrenia, yaani maradhi ya akili ya kusikia na kuamini yasiyokuwepo, pale pale.

Imani hiyo yenyewe ni mada ya kisayansi. George Brown na wenzake wa London walionesha kwamba wagonjwa waliotoka hospitali wakarudi katika nyumba za lawama, uhasama na kuingiliwa kupita kiasi waliugua tena zaidi kuliko waliorudi katika nyumba tulivu. Mtafiti wa Kimarekani Juli McGruder akaja Unguja kuzitazama familia zenye wagonjwa wa skizofrenia. Mambo ya pepo hayakuwa lazima yamfukuze mgonjwa. Tatizo likihesabiwa limemjia kutoka nje, hapewi lawama nyingi, na akipoa huhesabiwa mzima na kurudi katika shughuli za nyumba. Hilo dodoso la kuweka alama haliwezi kulinasa. Linataka mtu akae, arudi, akae tena.

Kwa upande wenu, neno moja la kivitendo: kisomo na dawa vinaweza kwenda pamoja. Kinachowarudisha wengi hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu ni dawa kuachwa ghafla mgonjwa anapopata nafuu. Mkitaka kuziacha, mwambieni daktari kwanza, azipunguze kwa utaratibu.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Amekuja na fomu ya kutia saini, kuna watafiti wanakuja skuli. Ndani yake wataulizwa kama wamewahi kuona bora wafe. Mtoto hakuwa na fikra hiyo, si ndiyo wanamtia?

Khofu yako inaeleweka, na watafiti wenyewe waliwahi kuwa nayo. Ilichunguzwa mara nyingi, kwa vijana na kwa watu wazima, na kuuliza hakukuonekana kuzaa fikra hiyo. Kwa aliyekuwa nayo, kuulizwa huwa ahueni. Kwa hivyo suali lenyewe si la kuliogopa. Tunachokushauri ukikague ni kinachofuata baada ya suali.

Fomu mkononi mwako ni ya ridhaa ya mzazi. Mtoto naye ana yake, na akikataa, saini yako haimlazimishi. Tafuta ndani yake namba ya kibali cha maadili. Hapa Zanzibar tafiti za afya hupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya, ZAHRI. Tafuta na jina na simu ya mtu wa kumlalamikia. Ikiwa wanataka namba ya kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, uliza ya nini. Utafiti wa aina hii hauihitaji.

Kisha jambo ambalo wazazi wachache huliuliza. Fomu nyingi zinajisifu kwamba mtoto hataandika jina. Inapendeza, lakini fikiri: darasa la watoto 45, mmoja ametia alama ya 3 kwenye suali la kuona bora afe, ambalo katika PHQ-9 ni la tisa, na karatasi haina jina wala namba. Sasa watafiti wanajua kuna mtoto aliye hatarini ndani ya chumba kile, na hawana njia ya kumjua. Kutojulikana na kutunziwa siri ni vitu viwili. Utaratibu salama ni kila karatasi kuwa na namba, na orodha inayounganisha namba na majina kushikwa na mtu mmoja, imefungiwa mbali na karatasi. Asiyeweza hilo na alitoe suali la tisa. Toleo la masuali manane, PHQ-8, lipo kwa ajili hiyo.

Aliyetia alama yoyote zaidi ya 0 hukaliwa faraghani siku hiyo hiyo na mtu aliyefunzwa, si mwalimu wa darasa. Huulizwa mambo manne: fikra hizo zinakuja mara ngapi, ana mpango, ana kitu cha kutumia karibu naye, amewahi kujaribu. Mpango na kitu vikiwepo, haachwi peke yake, mzazi anaitwa, na anasindikizwa hospitali. Hapo siri inavunjwa, na watoto wote wanapaswa kuambiwa hivyo kabla hawajashika kalamu, siyo baadaye.

Kabla ya kutia saini mpigie mwalimu mkuu, umuulize fomu zitasomwa lini. Wakikwambia kabla timu haijatoka kwenye uwanja wa skuli, mruhusu binti. Wakikwambia zitapelekwa ofisini zikasomwe wiki ijayo, usitie saini mpaka wabadilishe.